Mwanamke Aliyekataa Kutuuzia Valizi

Ni nani aliyemdanganya Mama Valizi, na katika mji gani? Swali hili ninalo tangu siku za chuo, na sasa nywele zangu zimeanza kubadilika rangi bila mimi kupata jibu. Wapo waliosema ilikuwa Dubai, ambako mtu mwenye tabasamu alimsaidia kusukuma mizigo hadi nje ya uwanja wa ndege kisha akatoweka nayo. Wapo waliosema ilikuwa Bujumbura, na kwamba mwizi huyo alikuwa mchumba. Fundi cherehani aliyefanya kazi mlango wa pili kutoka kwake alishikilia kwamba hakuna aliyewahi kumwibia hata sindano. "Ule mama alizaliwa akiwa amekwisha kuibiwa," alisema. Siku nilipomuuliza mwenyewe, alinitazama kama mtu anayekagua noti iliyochanika.

"We Mutanzania," akasema, "unauliza kama polisi. Kunywa chai."

Aliniita Mtanzania kwa sababu wazazi wangu walirudi Rwanda wakitokea Karagwe, nami nikaja nao nikiwa na Kiswahili ambacho hapa Gisenyi kiliwafurahisha watu kwa sababu zisizofaa. "Kiswahili yako ni ya radio," aliniambia tulipojuana. "Muzuri kabisa, lakini inanipa usingizi."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala babu zake walifanya biashara gani. Wanaotaka hayo wawaulize wanawe. Mimi namkumbuka akiwa nyuma ya meza yake karibu na soko, mtandio wake umefungwa upande mmoja kama aliyeitwa ghafla, amezungukwa na masanduku ya safari ambayo sisi huku huyaita valizi. Makubwa yalimeza ya kati, na ya kati yakameza madogo, hivyo mteja aliyetaka dogo alilazimika kusubiri afunguliwe tumbo la kubwa. Kusubiri huko ndiko alikokutaka yeye. Wakati zipu zikifunguliwa, maswali yalianza.

"Unaenda wapi?"

Mteja alitaja mji.

"Nani anakupokea?"

Mteja alitaja jina.

"Na kama hayiko pale, utalala wapi?"

Hapo wengi walikwama. Hakuwa na ukali alipouliza. Aliuliza kama mama anayemuuliza mtoto kama amenawa mikono. Ila aliyekwama hakuuziwa. Zipu zilirudi zilikotoka, dogo likaingia katika la kati, la kati katika kubwa, na Mama Valizi akasema kwa upole mkubwa, "Bon. Valizi iko. Wewe ndiyo haujaiva. Rudi kesho."

Wanawe waliona aibu, na haki yao. Duka gani humfukuza mteja? Binti yake mkubwa alimwambia mbele yangu kwamba anauza mzigo wa watu wanaosafiri huku akiwakataza kusafiri, na kwamba akili ya namna hiyo haiko katika biashara yoyote duniani. Mama alicheka hadi akafuta macho. "Mi sikatazi mutu," akajibu. "Nauliza tu. Mutu akikimbia swali, ni mi nimemukimbiza?"

Aliyejibu vizuri alipata zawadi: kufuli ndogo ya kufungia zipu. Lakini nayo ilikuwa na sharti lake. Ilimpasa msafiri arudi kesho yake na kutamka kwa kichwa, bila kutazama mahali popote, namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani. Kwake yeye, simu ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu mbaya humpokonya mgeni, na mtu wa leo akipokonywa simu hajui hata namba ya mama yake. Nimewaona wanaume wenye tai, wenye vyeo, wakisimama mbele ya meza ile wakitamka namba za wake zao na kukosea. Aliwarudisha nyumbani wote sawasawa.

Mchungaji mmoja wa hapa mjini alialikwa kwenye mkutano mkubwa wa kanisa nchi za mbali, mwaliko uliokuja kwa barua pepe pamoja na ombi la ada ya kujiandikisha. Alikuja kutafuta sanduku kubwa kuliko yote. Nilikuwepo.

"Nani anakupokea, Pasta?"

"Mungu," akajibu, akitabasamu.

"Mungu ni muzuri," Mama Valizi akasema. "Iko na namba gani ya simu?"

Fundi cherehani aliangusha mkasi. Mchungaji alitoka akanunua sanduku kwingine, akasafiri, na alipofika kwenye anwani ile akakuta ghala la samani na mlinzi asiyejua lolote kuhusu mkutano. Alilala kwenye viti vya uwanja wa ndege mpaka ndugu wa mbali alipopatikana. Baada ya kurudi aliigeuza safari hiyo kuwa mahubiri ambamo yeye alikuwa shujaa na imani yake ndiyo iliyomwokoa. Watu wakamletea Mama Valizi habari kwamba hakutajwa hata kidogo. "Ni sawa," akasema. "Mi ni Muislamu, angenitia wapi?"

Yapo mambo ambayo sikuweza kuyapatanisha katika mtu huyu. Yeye aliyefundisha watu wazima kumshuku kila mwenye haraka ya kuwasaidia aliacha duka lake wazi kila saa ya swala. Hakufunga mlango, alilaza tu ufagio kizingitini. Ufunguo wa sanduku la mauzo ulikaa mezani karibu na thermos. Fundi alipomwonya kwamba siku moja watamwibia, alijibu, "Hapa watu wananijua. Mwizi wa hapa atanisalimia kwanza." Aliamini kwamba hatari ni kitu kinachoanza pale ambapo hakuna anayejua jina la mama yako, na upande wa huku wa mstari huo alikuwa mwepesi kama mtoto. Aliazimisha masanduku bila kukumbuka kwa nani. Aliwahi kumpa ufunguo wa nyumba mwanamke wa Busasamana aliyemjua kwa kununua viazi kwake tu, ili apumzike mvua ikatike.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hata hapa nyumbani hakulegeza, nalo lilimgharimu marafiki.

Kwa mtu wa Gisenyi, mpaka si mwisho wa nchi; ni kona ya barabara. Unavuka barieri ndogo, kizuizi cha mpakani, asubuhi na nyanya, unarudi jioni kutoka Goma, upande wa Kongo, na vitenge au na habari za shangazi. Kubebeana ni adabu. Mwanamke aliyechoka mgongo humpa beseni lake aliye mbele, bila hata kumuuliza jina, na foleni ikiwa ndefu karatasi nazo hupita mikono: aliye mbele hukusanya vitambulisho vya wenzake akavinyoosha dirishani kwa pamoja, na upande wa pili kila mmoja anachukua chake. Tumekua hivyo. Anayekataa kubeba hana jina zuri.

Mama Valizi alikataa. "Mi nabeba yangu," alisema, na aliyasema maneno hayo hata kwa rafiki yake wa tangu utoto, aliyekuwa akimwoza binti yake huko Goma na alihitaji mkono wa kuvusha vitenge vya wasimamizi wa harusi. Waliongozana hadi barieri, mmoja amelemewa na furushi, mwingine akitembea kando yake mikono mitupu. Rafiki hakumsemesha tena mpaka mjukuu wa kwanza wa ndoa ile alipozaliwa.

Nilimlaumu. Nilimwambia kwamba kitenge ni kitenge, na kwamba ukarimu wa mpakani ndio jambo zuri kuliko yote tuliyo nayo katika mji huu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Nakubali," akasema. "Lakini mukono inajifunza hapa. Hapa ni kitenge. Kule mbali, mutu hautamujua, atakuambia, 'Nishikie kidogo hii, naenda choo.' Mukono yako itashika mbele ya kichwa kufikiri. Polisi akija, ni ya nani? Ni ya mwenye kushika." Kisha akanisukumia kikombe. "Wote munanicheka. Chekeni. Mi nafundisha mukono yangu, siyo yenu."

Ingekuwa rahisi kumwandika kama mtu ambaye alikuwa sahihi daima. Hakuwa. Kijana mmoja wa Mbugangari, fundi umeme, alipata kazi bandarini katika nchi ya Ghuba kupitia wakala wa Kigali. Alikuja kununua sanduku pamoja na mama yake mzazi, na majibu yake hayakumpendeza Mama Valizi. Mara hii hakuishia kwenye maswali. Alimfuata mama wa kijana hadi nyumbani, akakaa kwenye mkeka wake, akasema mpaka mama yule akalia na kumshika mwanawe asiende. Rafiki wa kijana huyo alikwenda kwa wakala yuleyule. Kazi ilikuwa ya kweli. Alifanya miaka yake, akarudi, akajenga nyumba ya ghorofa ambayo kila apandaye kutoka sokoni anaiona. Yule aliyebaki anatengeneza pasi na redio kwenye kibanda. Mama Valizi alimpelekea sanduku zuri la ngozi kama zawadi, lisilo na maelezo. Kijana huyo huwekea pumba za kuku ndani yake, na alihakikisha habari hizo zinamfikia mtoaji.

Tangu hapo nilimwona Mama Valizi akivuka barabara kila alipokuwa anakaribia kibanda kile. Yeye, ambaye hakuwa akimkwepa yeyote.

Miaka ikapita. Duka likafungwa miguu yake ilipokataa ngazi za soko, na binti yake mkubwa akamhamishia Rugerero. Nami nilikuwa nimemaliza chuo, nikawa mwalimu wa sekondari, nikawa shangazi wa kuishi na binti wa kaka yangu, Aline. Msichana huyu ana diploma ya hoteli na moyo wa kufanya kazi, lakini hoteli za ufukweni humwita msimu wa wageni tu, kisha husahau namba yake. Nitakuwa mkweli: kumwona akikaa sebuleni na ile diploma kulikuwa kumenichosha mimi kama kulivyomchosha yeye. Kwa hiyo mwanamke mmoja alipotokea, nadhifu, mwenye sauti ya chini, aliyejiita Madame tu, akiahidi kazi ya mapokezi katika hoteli ya Ghuba, nilishuku na kutamani kwa wakati mmoja. Alikuja nyumbani na keki. Tuliomba pamoja. Aline na wasichana wengine aliowaandikisha wangekwenda kwa basi hadi Kampala, na huko wangepanda ndege. Mkataba ungesainiwa wakifika.

Mkesha wa safari, mchana, nilimwambia Aline twende Rugerero tukatafute valizi nzuri kwa Mama Valizi. Yeye aliamini tunafuata sanduku. Mimi nilikuwa nafuata maswali ambayo, yakitoka kinywani mwangu, yangeonekana ni wivu.

Tulimkuta ameketi kitandani, amekonda, mtandio bado umefungwa upande. Masanduku yaliyobaki kutoka dukani yalipangwa ukutani na kujazwa nguo za wajukuu.

"Mutanzania! Nilifikiri radio ilikufa betri. Na huyu muzuri ni nani?"

"Aline, binti wa kaka yangu. Anasafiri kesho. Tunataka valizi."

"Karibu, mutoto wangu. Kaa hapa karibu, macho yangu haioni mbali. Unaenda wapi?"

Aline alitaja mji.

"Nani anakupokea?"

"Dereva wa hoteli. Atashika karatasi yenye jina langu."

"Na kama hayiko?"

"Nitampigia Madame."

"Na kama simu ya Madame imekufa?"

"Nitaenda ubalozini. Na namba ya shangazi ninayo kichwani." Akaitamka yote bila kusita.

Mama Valizi alipiga makofi. "Eh! Huyu ameiva kabisa!" Nami nikaona aibu ndogo, kwa maana Aline alikulia kwenye hadithi zangu za duka lile, alikuwa anajua majibu kabla ya kujua safari. Mama Valizi naye nadhani aliliona hilo, kwa sababu furaha ilimtoka usoni polepole, na akauliza swali ambalo sikuwahi kumsikia akiliuliza.

"Pasipoti iko wapi?"

"Iko na Madame."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Amekusanya za wasichana wote, ili mpakani tupite haraka. Si ni kama hapa barieri, mukecuru?" akamwita, kwa neno letu la bibi kizee. "Mmoja anashika za wote."

Mimi pia nilikuwepo siku Aline alipoitoa, nikaona kitabu kile kikipita kutoka mkono hadi mkono juu ya keki, na macho yangu ya mtu wa Gisenyi hayakuona kitu.

"Na ukiulizwa pale mpakani unaenda kufanya nini?"

"Madame alisema tuseme tunaenda kumtembelea shangazi."

"Shangazi yako si huyu?" Mama Valizi akaninyooshea kidole. "Ameruka lini?"

Aline alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa yamejaa hasira ya mtu anayeona mlango ukifungwa.

"Na yule fundi wa Mbugangari?" akasema. "Naye ulimuuliza hivihivi. Wenzake wamejenga, yeye anatengeneza pasi. Kila mtu anajua. Mimi nitakaa hapa nisubiri wageni wa Desemba mpaka nizeeke?"

"Aline!" nikasema.

"Muache." Mama Valizi aliinua mkono. "Anasema kweli. Ule kijana nilimukosea. Alikuwa na pasipoti mufukoni, na karatasi ya kazi yenye saini, mi sikutaka hata kuiona. Niliona uso wa mama yake tu. Nilimufungia mulango kwa woga yangu mi mwenyewe." Akamgeukia Aline. "Donc wewe sikufungii. Sisemi usiende. Kazi inaweza kuwa ya kweli, mi najua nini? Nasema uende na karatasi yako. Mwambie Madame: naomba nishike mi mwenyewe, mpaka ndani ya ndege. Kama ni mutu wa kazi ya kweli, inamukata wapi?"

"Na akikataa?"

"Akikataa umejua. Na hautasema ni mukecuru wa Rugerero alikuambia. Ni yeye amekuambia."

Aline akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeomba kusamehewa bila kuomba, kama tungeweza basi kupata valizi.

"Ile ya bluu ni yako. Nzuri, magurudumu yote inazunguka. Ukuje na pasipoti, utaichukua."

"Lakini basi linaondoka asubuhi!"

"Ndiyo," akasema Mama Valizi. "Basi zote zinaondoka asubuhi."

Tulirudi kwa pikipiki mbili, Aline mbele, mimi nyuma, na sikuweza kuuona uso wake. Niliogopa pande zote. Nikimzuia, na kazi iwe ya kweli, nitakuwa mama yule wa Mbugangari, na atanihifadhia kinyongo kwa heshima, kama wanavyofanya wapole. Nikimwacha, huenda nisiisikie sauti yake tena. Wakati wa kula aliweka kijiko chini.

"Shangazi, kesho twende wote. Kabla ya basi. Lakini nitasema mimi. Wewe usiseme neno."

Nikakubali.

Madame alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Asubuhi tulipofika, wasichana walikuwa tayari uani, wameketi juu ya mizigo yao, wamesuka nywele upya, wakipigana picha. Madame alitutokea mlangoni, amevaa vizuri.

"Ma chérie, umechelewa. Na mzigo uko wapi?"

"Madame, naomba pasipoti yangu. Nataka kuishika mwenyewe."

"Kwa nini? Utaipata Kampala."

"Naiomba hapa."

Madame akacheka, akanitazama mimi. "Mama, hebu mwambie mtoto. Tuliomba pamoja kwako." Nilinyamaza kama nilivyoahidi, na kunyamaza hakujawahi kuniwia vigumu namna ile.

"Sina shida nawe, Madame," Aline akasema. "Naomba tu karatasi yangu. Nikishaipata, nitapanda basi pamoja na wenzangu."

"Imekwisha kutangulia. Iko Kampala kwa ajili ya tiketi."

"Mkoba wako uko wazi pale mezani," Aline akasema. "Naziona."

Uso wa Madame haukubadilika sana. Ni sauti yake tu iliyoacha kuwa ya chini. Aliingia chumbani, akatoa pasipoti zilizofungwa kwa mpira, akachomoa moja kwa vidole viwili, akamnyooshea Aline, lakini hakuiachia. "Ukiichukua hii, nafasi yako naipa mwingine. Na usinipigie tena. Unanielewa? Wanaoshika pasipoti zao wenyewe siwapeleki popote."

"Nimekuelewa," Aline akasema, akavuta.

Ilitoka. Aliifungua kwenye picha, akaitazama, akaiingiza ndani ya blauzi. Madame alilitupa fungu lililobaki juu ya meza akaanza kubonyeza simu yake. Nilifikiri tumemaliza, nikamgusa Aline mkono ili tuondoke. Yeye alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya ua, mbele ya wale waliokuwa wakipigana picha.

"Pasipoti zenu ziko mezani mle ndani," akawaambia. "Mimi nimechukua yangu."

"Kwani kuna nini?" mmoja akauliza.

"Sijui. Kamwombe yako, umsikie atakavyosema."

Walitazamana. Mmoja akacheka, mwingine akatazama basi lililokuwa linapasha injini moto. Kisha msichana mrefu aliyekaa karibu na ukuta akasimama, akamwachia mwenzake mzigo, akageuka, akaurudia mzigo wake na kuubeba mwenyewe, akaingia chumbani kwa Madame.